Miaka Miwili Mlangoni pa Daktari

Mume wangu alikuwa daktari, na kwa karibu miaka miwili mimi ndiye niliyewatoza watu pesa kwa kazi ya mikono yake. Naanza na hilo kwa sababu watoto wetu walikua wakidhani kwamba mama yao alikuwa muuguzi. Sikuwa muuguzi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kiyeyi, nikaolewa na Msamia aliyesomea udaktari Kampala. Baadaye nikawa mtu wa kukaa mlangoni.

Tulianza maisha Tororo, mashariki ya Uganda, yeye akiwa katika hospitali ya serikali. Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwisho. Alikuja daktari Mzungu, kijana kuliko mume wangu, ambaye hajawahi kumwona mtoto mwenye degedege la malaria. Mume wangu ndiye aliyemfundisha la kufanya. Yule kijana akapewa nyumba yenye bustani na mshahara ambao hatukuambiwa, lakini karani wa malipo aliuona na karani huyo alikuwa mtu wa Mwello, jamaa ya mama yangu. Mume wangu aliambiwa. Miezi miwili baadaye alirudi nyumbani, akalitundika koti lake, akaniambia kwamba ameandika barua serikalini Entebbe kuomba kibali cha kufanya kazi peke yake.

Alitaka Busia. Mama yake alikuwa hai bado, akikaa upande ule wa Samia, na pale mpakani mwa Kenya hapakuwa na daktari. Palikuwa na dispensari ya serikali yenye dresa mmoja wa kufunga vidonda, na kabati ambalo mara nyingi lilikuwa na dawa ya minyoo na iodini tu. Mtu akizidiwa alifungwa nyuma ya baiskeli akapelekwa Tororo, au akangoja lori. Mume wangu alisema amechoka kuwapokea watu wa kwao wakiwa wamekwisha kufa nusu.

Kibali kilipokuja tulikwenda kumuaga daktari mmoja mzee, Mhindi, aliyekuwa na kliniki yake Tororo kwa karibu miaka thelathini. Yeye na mume wangu waliheshimiana. Wagonjwa waliomshinda huyu mzee alikuwa akiwapeleka hospitali na barua, na mume wangu alikuwa akimjibu barua zile, jambo ambalo Wazungu hawakulifanya. Alitukaribisha chai, akamwuliza mume wangu ana akiba kiasi gani. Mume wangu alisitasita, kisha akasema kweli: ni akiba yake ya miaka saba, na yangu ya ualimu, na ng'ombe wawili ambao baba yangu alikubali kuwauza.

Mzee akasema madaktari wanaoanguka hawaangushwi na kutojua dawa. Wanaangushwa na kudhani kwamba asante ya mgonjwa ni mapato. Akamwambia asijenge, apange. Asinunue gari kabla ya mwaka wa tatu, hata watu wakimcheka kwa kupanda baiskeli. Pesa ya jikoni na pesa ya kliniki zikae katika mikebe miwili, na mkebe mmoja usimkopeshe mwenzake hata kwa siku moja. Dawa za mwaka mzima zinunuliwe pamba inapouzwa, kwa sababu mvua za kupanda zikianza hakuna mtu vijijini mwenye senti, na maradhi hayangoji pamba. Mume wangu aliyaandika yote katika kijitabu kama mwanafunzi.

Kisha yule mzee akanitazama mimi. Aliuliza nilifanya kazi gani, nikamwambia. Akauliza kama wanafunzi walikuwa wakiniogopa. Mume wangu alicheka akasema hata mwalimu mkuu alikuwa akiniogopa.

"Basi vizuri," mzee akasema. "Daktari asiguse pesa. Mkono unaopima mshipa usipokee shilingi. Mgonjwa akikuomba huruma utampa, na mwakani utafunga. Mweke mama mlangoni."

Tulipanga nyumba ya vyumba viwili Busia, kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kutibia. Cha mbele tukaweka benchi mbili na meza yangu. Ng'ambo ya njia palikuwa na baraza ya fundi cherehani, mtu mpole, Mwiteso, aliyejua habari za kila mtu. Tulimwajiri dresa aliyestaafu dispensari. Sisi wenyewe tulilala katika kibanda cha uani.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mwepesi wa kusamehe. Mtu aliponiambia hana, niliandika jina lake na alichotibiwa. Wengine walileta kuku, karanga, ufuta, mmoja akaleta mbuzi mwenye mimba. Tulikula vizuri, lakini penisilini hainunuliwi kwa kuku. Mvua zilipoanza dawa zilipungua, na kufika mwezi wa sita kabati lilikuwa halina sindano ya maana. Siku hizo akaja mwanamume mmoja, mpima pamba, anahema kwa homa ya mapafu. Alikuwa na pesa mkononi. Mume wangu alimwambia kwamba dawa hana, akamwandikia barua ya Tororo. Yule mtu alisema atakwenda kesho. Baada ya siku tatu tukasikia kwamba amezikwa.

Jioni hiyo mume wangu alikuja kwenye meza yangu, akalifungua daftari, akapitisha kidole juu ya majina, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuwa mtu wa kugomba. Alisema tu, polepole, "Dawa yake imo humu."

Niliumia kwa maneno hayo kwa sababu yalikuwa kweli. Nikaamua kwamba hayatasemwa mara ya pili.

Niliitoa meza chumbani nikaiweka barazani, mlangoni kabisa, ili mtu yeyote asimfikie daktari bila kunipita. Nikaweka sheria moja: mwenye deni alipe deni kwanza, au angalau nusu yake, ndipo aandikiwe upya. Pesa yoyote aliyokuja nayo ilianza na deni. Sikuandika sheria hiyo popote. Niliisema kwa sauti yangu ya darasani, na Busia ilikuwa ndogo. Wiki mbili zilitosha.

Watu walinung'unika, lakini walilipa. Walikuwa na uwezo kuliko walivyokuwa wakisema, wengi wao, na hilo nalo ni kweli. Pamba ilipouzwa mwaka ule mume wangu alikwenda Kampala akarudi na makasha ya dawa yaliyojaza kabati na chini ya kitanda chetu. Tulinunua darubini iliyokwisha kutumika. Dresa alilipwa kila mwisho wa mwezi. Watoto wenye malaria walipimwa damu pale pale, na walipona ambao mwaka uliotangulia wangekufa. Niliwaona kwa macho yangu wakirudishwa nyumbani mgongoni mwa mama zao, wanalia kwa nguvu, na nilijua kwamba meza yangu ina sehemu katika kilio kile.

Ila nimekuwa mzee sasa, sina haja ya kujipamba. Nilianza kuipenda kazi ile. Nilipenda watu wanavyonyamaza ninapofungua daftari. Nilijifunza kumtambua mtu mwenye pesa aliyoificha kwa jinsi anavyoishika nguo yake. Walinipa jina la utani ambalo sitaliandika, na nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu nilidhani ni ishara kwamba nafanya kazi vizuri.

Katika mwaka huo wa pili tulimpata mgonjwa mmoja, mwanamke wa kijiji kilichokuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Mume wake alikuwa kibarua katika mashamba ya miwa upande wa Kenya, na pesa alizoleta zilikuja kwa nadra kama yeye mwenyewe. Kwanza alimleta mama mkwe wake mwenye kidonda cha mguu, akalipa nusu. Kisha, miezi michache baadaye, akaja yeye mwenyewe. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike na ziwa moja lilikuwa limevimba usaha mpaka anatetemeka kwa homa. Kwa hali ile sikuweza kumrudisha. Mume wangu alilipasua jipu, na kwa wiki mbili yule mama alikuja kila baada ya siku mbili kusafishwa. Ziwa likapona, maziwa yakarudi. Deni lake likawa shilingi kumi na moja. Alisema atalipa pamba ikitoka, nami nikaandika.

Mwezi mmoja hivi baadaye, siku ya soko, nilimwona akipita na kapu kichwani, mtoto mgongoni. Hakuja kutibiwa. Alikuwa anapita tu, na benchi zangu zilikuwa zimejaa. Nikamwita kutoka barazani. Alikuja karibu, akapiga magoti kidogo kunisalimu kama desturi ya kwao. Nikamwuliza kama ziwa limepona. Akatabasamu, akasema limepona, Mungu ambariki daktari.

"Mungu ambariki," nikamwambia, "lakini Mungu haleti sindano kutoka Kampala. Huyo mtoto anayenyonya hapo, ananyonya maziwa ya deni."

Watu walicheka. Fundi alisimamisha cherehani yake kusikiliza. Yule mama hakuondoa tabasamu usoni mara moja. Lilikaa pale kama kitu alichosahau kukitua.

"Mama, pesa iko kwa pamba," akasema. "Pamba ikitoka naleta." Akainuka, akaenda zake.

Nililipenda neno langu. Nilimsimulia mume wangu tulipokuwa tukila. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akaendelea kula.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa siku ya kawaida, si ya soko. Watu walikuwa shambani wakipalilia. Kama saa nne asubuhi niliinua macho nikamwona mwanamke amesimama kwenye baraza ya fundi, ng'ambo ya njia, nyuma ya nguo zilizotundikwa. Niliitambua shuka yake: ni yule mama wa shilingi kumi na moja. Mtoto alikuwa mbele kifuani, amefunikwa, sikumwona hata uso. Tulitazamana. Yeye akaangalia pembeni.

Nilijua ni mdaiwa anayeona haya, nao nilikuwa nimewazoea. Walikuwa wakingoja niingie uani nikapike, kisha wapenye kwa dresa, ambaye alikuwa na moyo mwepesi, wamfikie daktari bila kunipita. Nikasema moyoni: leo hunipati. Atakuja mwenyewe, anisalimu, aseme ana nini, nami nitamwonyesha kwamba mimi si mtu mbaya. Hilo la mwisho nalikumbuka sana. Nilikuwa nimekusudia kumsamehe nusu. Lakini nilitaka aje.

Saa ya kupika ilifika, sikuinuka. Nilimwambia msichana aliyetusaidia apike peke yake. Nilikaa pale nikipiga mistari katika daftari ambayo haikuhitaji kupigwa. Jua lilipanda mpaka kivuli cha baraza ya fundi kikawa chembamba, na yule mama akasogea nyuma zaidi ukutani. Mara moja alimfunua mtoto akampepea. Baadaye nilipoinua macho tena, hakuwapo. Ilikuwa yapata saa saba. Niliingia ndani nikala.

Kesho yake fundi alivuka njia akaja kwangu. Hakukaa. Alisema yule mama wa jana mtoto wake amefariki. Baada ya kuondoka barazani kwake alikwenda mpaka barabara kuu akasimamisha lori lililobeba mawe, kwenda hospitali ya Tororo. Dereva alimpandisha mbele, karibu naye, kwa sababu alisikia jinsi mtoto anavyohema. Mwamba wa Tororo huonekana kutoka mbali ukiwa njiani. Mtoto alikata roho kabla hawajauona. Dereva alimpandisha katika lori jingine lililokuwa likija huku.

Fundi alisema hayo yote kwa upole, kisha akaongeza kwamba alimwambia yule mama mara mbili avuke njia, na mara mbili alikataa. Hakusema ni kwa nini.

Mume wangu alikuwa na mgonjwa ndani. Sikumngoja. Nilichukua sukari na sabuni, nikamwomba mke wa fundi anionyeshe njia, tukaenda. Ilikuwa mwendo wa saa mbili kweli, njia ya mashamba ya mtama na mihogo, na watu waliokuwa wakipalilia waliinuka kutusalimu, kisha waliponitambua wakainama tena.

Mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Uani palikuwa na watu wachache, kwa kuwa mtoto mchanga hakusanyi watu wengi. Wifi yake alikuja kutupokea, akanitazama, akaacha mkono wangu upesi. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Aliponiona aliinuka nusu, akaagiza niletewe kigoda. Alinisalimu salamu zote, za nyumbani, za watoto, za daktari. Nilizijibu. Kifua cha nguo yake kilikuwa kimelowa maziwa.

Nilisema pole. Nikasema kwamba daktari naye anasikitika, ingawa daktari alikuwa hajajua. Halafu nikamwuliza, kwa sababu nisingeweza kuondoka bila kumwuliza, kwa nini hakuvuka njia.

Alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa mbali bado.

"Nilikuwa na shilingi nne," akasema. "Niliuza kuku mbili asubuhi ile. Nikasema, mama atachukua hii kwa deni, na mtoto atabaki hivyo hivyo. Nikasema ningoje mama ainuke kwenda kula, niingie kwa daktari na shilingi zangu nne. Nilingoja. Wewe hukuinuka."

Mke wa fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nilikuona," nikamwambia.

"Najua. Tulionana."

Nilimwambia kwamba deni limekwisha, kwamba nitalifuta siku hiyo hiyo, asilifikirie tena kamwe. Alitikisa kichwa. Alifungua fundo la shuka yake akatoa shilingi mbili. Dereva wa kwanza hakumtoza, akasema, ila wa pili alimtoza mbili. Hizi ndizo zilizobaki. Akaninyooshea.

"Chukua. Sitaki unione njiani tena uniite."

Watu kadhaa niliowasimulia habari hii niliwaambia kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilizichukua, kwa sababu mkono wake ulikuwa umenyooshwa, na kwa sababu nilijua kwamba nisipozichukua ndiyo itakuwa mara ya pili ninamnyima anachokitaka. Pengine hata hiyo ni sababu niliyoitunga baadaye. Nilizichukua, nikaaga, tukarudi.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameketi kwenye benchi ya wagonjwa, kliniki imefungwa, mikono katikati ya magoti. Aliuliza kitu kimoja tu: yule mama alisimama pale kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Nikamwambia.

Aliugeukia mlango wa chumba cha nyuma.

"Jana nilikuwa na wagonjwa watatu asubuhi nzima," akasema. "Kuanzia saa tano nilikuwa nimekaa ndani nasoma gazeti la wiki iliyopita."

Kisha akasema nisidhani kwamba ananilaumu, kwani ni yeye aliyeniweka pale. Aliyasema maneno hayo siku hiyo, na hakuyarudia. Lakini katika miaka yote tuliyoishi pamoja baadaye hakuniambia tena kwamba nina sauti ya kuogopwa, wala kufanya mzaha juu yake mbele ya watu, mzaha ambao zamani aliupenda sana.

Nilimwambia sitakaa mlangoni tena. Hakunibembeleza. Dresa ndiye aliyekaa, naye, kama nilivyosema, alikuwa na moyo mwepesi, na zaidi ya hayo nusu ya Samia walikuwa jamaa zake na nusu nyingine jamaa za mume wangu. Sheria ya deni ilikufa siku ile ile. Watu walikuja wengi kuliko wakati wowote. Walikuja hata na mafua. Mume wangu alifanya kazi mpaka macho yanamwiva, na wale waliokuwa wakilipa kwa kuniogopa waliacha kulipa.

Pamba ya mwaka ule ilipouzwa tulipata pesa ya kununua dawa za miezi mitatu, si za mwaka. Tukakopa katika mkebe wa jikoni. Tukauza darubini. Mume wangu alijaribu mara moja kumwomba mgonjwa pesa yeye mwenyewe, mtu mwenye duka na baiskeli mbili, na yule mtu akamwambia, bila haya, kwamba daktari mzuri kama yeye haifai kuongea habari za pesa. Mume wangu alinisimulia hayo akiwa ameduwaa. Alikuwa mtu wa kushika kisu bila mkono kutetemeka, lakini hilo hakuliweza.

Mvua za kupanda ziliponyesha kabati lilikuwa tupu. Aliandika barua Entebbe kwa mara ya pili. Serikali ilimrudisha kazini kwa ngazi ya chini kuliko ile aliyoiacha, na kumpeleka magharibi ya nchi, mbali na kwao na mbali na kwetu.

Tulipokuwa Tororo tukingoja treni tulikwenda kumwona yule daktari mzee. Nilimsimulia mimi, si mume wangu. Mzee alisikiliza huku akizungusha kikombe chake. Kisha alisema kwamba mke wake, ambaye alikuwa marehemu tayari, alikaa mlangoni mwake miaka kumi na tisa.

"Katika mji huu hakualikwa katika harusi hata moja," akasema. "Chakula cha harusi waliniletea mimi, kliniki."

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia hilo siku ile alipokuwa akitushauri. Nilimwuliza kwa ukali. Sauti yangu ya darasani ilirudi bila kuitwa. Hakukasirika. Alisema kama angetuambia tusingefungua kliniki, na Busia ilihitaji daktari. Halafu akamwuliza mume wangu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, katika miaka ile tuliokoa watoto wangapi. Mume wangu akasema hajui. Mzee akasema naye hajui wake, na kwamba wale wasiopona ndio mtu huwakumbuka kwa sura.

Siku hizi vijana wetu waliosomea udaktari huja kuniuliza, kwa kuwa wamesikia kwamba sisi tulikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujaribu. Nawaambia habari za mikebe miwili, na kupanga badala ya kujenga, na dawa za mwaka mzima kununuliwa wakati wa mavuno. Mambo hayo yote bado ni kweli, na anayeyadharau atafunga. Nawaambia watenge kila mwezi fungu la wasio nacho, lijulikane, liandikwe, likiisha liishe, ili mlangoni pasikae mtu anayeamua kwa moyo wake siku hiyo nani ainame. Wanaandika. Wakiniuliza nani akae mlangoni nawasimulia habari ya yule mama, na mmoja aliniambia kwamba siku hizo zilikuwa siku mbaya. Hazikuwa mbaya kuliko hizi.

Mume wangu alifanya kazi ya serikali mpaka alipostaafu. Hakuongea tena habari za kliniki yake mwenyewe, hata uhuru ulipokuja na wenzake wakafungua zao Kampala na Jinja wakatajirika. Nyumba ile ya Busia yule Mhindi wa vitambaa aliigeuza ghala la mafuta ya taa, na kwa miaka mingi hapakuwa na daktari mwingine aliyekuja pale mpakani. Watu wakarudi kubebwa nyuma ya baiskeli kwenda Tororo, kama zamani. Wangapi walifia njiani sijui. Hapakuwa na mtu wa kuwaandika.